Picha Zisizofunguka Kwenye Kivinjari: Namna ya Kujua Zimekwama Wapi

Katika steshenari yangu ya hapa Dodoma, ambako watu huja kuchapa, kutoa nakala na kujaza maombi ya kazi na ya vyuo kwa njia ya mtandao, lalamiko linalorudi kuliko mengine yote ni hili: ukurasa umefunguka, maandishi yanasomeka, lakini mahali pa picha pana kisanduku kitupu. Mteja aliyekuja kuhakiki picha yake ya pasipoti kabla ya dirisha la maombi kufungwa hana subira ya kusikiliza nadharia, na mara nyingi kabla hajanifikia ameshafanya mambo matatu: amefuta kila kitu kwenye kivinjari, amezima simu na kuiwasha, na amenunua bando jingine. Yote matatu huweza kusaidia, lakini akiyafanya bila kujua tatizo liko upande gani anakuwa anatibu ugonjwa ambao hajaupima, na mara nyingi huishia kupoteza nywila alizohifadhi pamoja na pesa ya bando, na picha asiione.

Mwongozo huu unaanza na hatua zisizogharimu chochote na kwenda taratibu kwenye zile zinazotaka muda, data au kubadili mipangilio. Nyuma ya kila hatua kuna swali moja tu: picha imekwama kwenye tovuti yenyewe, imekwama njiani, au imekwama kwenye kifaa chako? Ukishalipata jibu, shughulikia upande huo na uachane na hatua zilizobaki.

Kwa nini maandishi hufika na picha hubaki

Kivinjari kinapofungua ukurasa hupokea kwanza faili la maandishi. Picha hazimo ndani ya faili hilo. Kilichomo ni anwani za picha tu. Kivinjari huzisoma anwani hizo na kwenda kuomba kila picha kivyake, tena mara nyingi kutoka kwenye seva nyingine kabisa, yaani kompyuta nyingine inayohifadhi na kugawa mafaili ya tovuti, kwa sababu tovuti nyingi kubwa huhifadhi picha zake mbali na mahali zinapohifadhi maandishi. Ni kama mfanyabiashara wa Dodoma aliyeletewa orodha ya mizigo kwa basi la asubuhi kutoka Dar es Salaam, wakati mizigo yenyewe inakuja nyuma kwa malori tofauti. Lori moja likikwama Gairo, orodha bado anaisoma vizuri na mizigo mingine inaingia dukani kama kawaida.

Tofauti ya uzito nayo ni kubwa. Maandishi ya ukurasa wa kawaida huweza kuwa chini ya KB 100, ilhali picha moja iliyotoka kwenye kamera ya simu bila kupunguzwa hufika MB 3 au zaidi. Ndiyo maana mtandao dhaifu huonekana kwanza kwenye picha.

Hatua ya 1: Tazama kwa makini kinachoonekana mahali pa picha

Kabla ya kubonyeza chochote, tazama. Ukiona kialama kidogo cha picha iliyochanika, pengine kikiwa na maneno machache pembeni yake, maana yake ni kwamba kivinjari kiliomba picha hiyo na ombi likashindikana, au kilipokea kitu ambacho hakikuweza kukisoma kama picha. Maneno hayo huwekwa na mwandishi wa ukurasa ili yasomwe pale picha isipoonekana, nayo huwasaidia pia wasioona wanaotumia programu za kusomewa skrini.

Ukiona kisanduku cha kijivu kinachongoja, huenda hakuna kilichoharibika. Kurasa nyingi siku hizi hazipakui picha ya chini mpaka msomaji ateremke karibu nayo, utaratibu ambao Chrome iliuingiza ndani ya kivinjari chenyewe mwaka 2019. Teremka polepole, subiri sekunde kadhaa, kisha uamue. Picha iliyofunguka juu ikakatika katikati ni dalili ya muunganisho uliokatika wakati wa kupakua. Na pale ambapo hakuna hata kisanduku, yaani maandishi yamejisogeza kana kwamba picha haikuwahi kuwepo, mshuku kwanza kizuia matangazo.

Hesabu pia. Je, picha zote za ukurasa zimekosekana au moja tu? Je, ni ukurasa huu peke yake au kila tovuti unayofungua? Picha moja ikikosekana katikati ya nyingine ishirini zilizofunguka, karibu kila mara kosa ni la mwenye tovuti, na hakuna mpangilio wa simu yako utakaoirudisha.

Hatua ya 2: Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja

Hii ndiyo hatua ninayoithamini kuliko zote, nayo ndiyo inayorukwa na wengi. Fungua ukurasa uleule kwa kivinjari kingine kwenye kifaa kilekile. Picha zikionekana, mtandao wako ni mzima na tovuti ni nzima, kwa hiyo tatizo liko ndani ya kivinjari cha kwanza. Zisipoonekana, chukua kifaa kingine kilichounganishwa kwenye mtandao uleule ujaribu. Zikifunguka huko, kifaa chako ndicho chenye shida, na pengine ni saa yake au programu iliyowekwa humo. Zikigoma kote, badilisha mtandao: ondoka kwenye Wi-Fi utumie bando la simu, au omba hotspoti kwa mwenzako mwenye laini ya kampuni nyingine. Picha zikifunguka kwa laini nyingine, kizuizi kiko njiani. Zikigoma kwa vifaa viwili, vivinjari viwili na mitandao miwili tofauti, basi tovuti yenyewe ndiyo yenye kosa, na unaweza kuruka moja kwa moja hadi hatua ya 10.

Sharti lake ni moja: usibadilishe vitu viwili kwa pamoja. Mtu anayehama kutoka kompyuta yenye Chrome kwenye Wi-Fi ya ofisi kwenda kwenye simu yenye Opera Mini na bando lake mwenyewe amebadilisha kifaa, kivinjari na mtandao kwa mpigo, na hata picha zikifunguka hatajua ni kipi kati ya hivyo vitatu kilichozifungua.

Hatua ya 3: Hakiki mtandao kabla ya kugusa mipangilio

Angalia salio la bando. Zipo bando za mitandao ya kijamii tu, ambazo hukuruhusu kuzungumza WhatsApp kutwa nzima na kukufanya uamini kuwa una intaneti kamili, kumbe kivinjari hakina data ya kutumia na kinachoonekana ni ukurasa wa zamani uliobaki kwenye akiba, yaani nakala ambazo kivinjari huhifadhi kwenye kifaa. Angalia pia kama simu imeshuka kutoka 4G hadi 2G, jambo ambalo ni la kawaida ukitoka mjini kuelekea vijiji vya Bahi, Chemba au Mpwapwa. Kwa kasi hiyo maandishi hupita na picha huchoka njiani.

Kwa wanaotumia Wi-Fi ya nyumba ya wageni lipo jambo la ziada. Wakati wa Bunge la Bajeti, kati ya Aprili na Juni, vyumba hujaa mjini na wageni wote hugawana njia moja ya intaneti. Wi-Fi za namna hiyo mara nyingi humtaka mtumiaji aingie kwa nywila kupitia ukurasa maalumu, na muda aliopewa ukiisha, maombi ya picha hurudishwa kwenye ukurasa huo wa kuingilia badala ya kufika kwenye seva. Kivinjari kilichoomba picha kikapewa ukurasa wa nywila hakina la kufanya ila kuonyesha kialama kilichochanika. Fungua kichupo kipya, andika anwani ya tovuti nyingine yoyote, na ukurasa wa kuingilia ukitokea, ingia upya.

Mara chache tatizo huwa kubwa kuliko simu yako na mtaa wako. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, na watumiaji wa Tanzania na nchi jirani wakabaki na intaneti dhaifu. Siku kama ile, seva zilizo karibu huweza kujibu wakati zile za ng'ambo zinasuasua, na ukurasa mmoja ukawa na picha zilizofunguka na zisizofunguka bila utaratibu wowote unaoeleweka. Ukisikia kwamba nchi nzima inalalamika, weka simu chini na usubiri.

Hatua ya 4: Pakia ukurasa upya kwa nguvu

Kupakia upya kwa kawaida huruhusu kivinjari kutumia nakala za picha kilizokwisha kuzihifadhi, na kama nakala hiyo ni mbovu utaendelea kuuona ubovu uleule. Kwenye kompyuta ya Windows shikilia Ctrl kisha bonyeza F5. Kwenye Mac tumia Command, Shift na R kwa pamoja. Kivinjari kitaziacha nakala za zamani za ukurasa huo na kuomba kila kitu upya kutoka kwenye seva. Hatua hii hula data ya ukurasa mmoja tu, na kwa maoni yangu ndiyo inayopaswa kutangulia wazo lolote la kufuta akiba nzima.

Picha ikiendelea kugoma, bofya kulia juu yake, au kwenye simu ibonyeze bila kuachia kidole, kisha chagua kuifungua kwenye kichupo kipya. Sasa kivinjari kinaiomba picha hiyo peke yake, na kikishindwa kitatoa sababu ambayo ndani ya ukurasa ilikuwa imefichika: kwamba faili halipo, kwamba umekatazwa, kwamba jina la seva halijulikani, au kwamba cheti cha usalama kina kasoro. Sababu hiyo iandike mahali, kwani hatua zinazofuata zinaitegemea.

Hatua ya 5: Jaribu dirisha la hali fiche

Kwenye Chrome na Edge bonyeza Ctrl, Shift na N. Kwenye Firefox bonyeza Ctrl, Shift na P. Dirisha hili huanza bila vidakuzi vyako (kumbukumbu ndogo ambazo tovuti huziacha kwenye kivinjari), halitumii akiba ya kawaida, na viendelezi, yaani programu ndogo zilizoongezwa kwenye kivinjari kama vizuia matangazo, havifanyi kazi humo isipokuwa vile ulivyoviruhusu mwenyewe. Ukurasa ukifunguka na picha zake humo, umebakiwa na washukiwa watatu: kiendelezi, akiba au vidakuzi.

Anza na viendelezi. Vizuia matangazo hufanya kazi kwa orodha za anwani na maneno, na picha isiyo na hatia huweza kunaswa kwa sababu tu jina la faili au la kabrasha lake linafanana na yale yaliyomo kwenye orodha. Niliwahi kutengeneza tangazo la semina, faili lake nikaliita kwa neno la Kiingereza linalomaanisha tangazo, na nusu ya waliotumiwa kiungo wakasema hawakuona kitu. Zima viendelezi vyote, kisha viwashe kimoja kimoja huku ukipakia ukurasa upya kila mara, mpaka umpate mhusika. Ukishampata, si lazima umwondoe. Vizuia matangazo vingi hukubali kuiruhusu tovuti moja na kuendelea kuzuia kwingineko.

Hatua ya 6: Hakikisha picha hazijazimwa kwa makusudi

Kuna watu waliowahi kuzima picha ili kuokoa bando, kisha wakasahau. Kuna pia kompyuta za kukodi ambazo mwenyewe alizizima picha bila kumwambia mtu. Kwenye Chrome ya kompyuta andika chrome://settings/content/images kwenye sehemu ya anwani ubonyeze Enter. Kwenye Edge andika edge://settings/content/images. Hapo utaona kama tovuti zinaruhusiwa kuonyesha picha, na chini yake orodha ya tovuti zilizozuiwa moja moja, ambayo nayo isomwe, kwa sababu mpangilio wa jumla huweza kuwa sahihi wakati tovuti unayoihitaji imo kwenye orodha ya zilizokatazwa.

Kwenye Firefox andika about:config, kubali onyo linalotokea, kisha tafuta permissions.default.image. Namba 1 huruhusu picha zote, namba 2 huzuia zote, na namba 3 huzuia zile zinazotoka kwenye tovuti nyingine tofauti na uliyoifungua. Namba 3 ndiyo yenye utata, kwa kuwa picha nyingi hukaa kwenye seva za pembeni kama nilivyoeleza, na mtumiaji huona nembo ya tovuti bila picha za habari. Watumiaji wa Opera Mini, ambao bado ni wengi miongoni mwa wateja wangu, wafungue sehemu ya kuokoa data na kutazama ubora wa picha, maana kivinjari hicho kina chaguo la kutoonyesha picha kabisa.

Hatua ya 7: Futa akiba, na akiba pekee

Ikiwa hali fiche ilionyesha picha na viendelezi havina kosa, sasa ni halali kufuta akiba. Bonyeza Ctrl, Shift na Delete, kisha soma orodha kabla ya kukubali. Weka alama kwenye picha na mafaili yaliyohifadhiwa, na uondoe alama kwenye nywila, kwenye fomu zilizojazwa na kwenye historia. Mwombaji wa kazi aliyefuta kila kitu saa chache kabla ya mwisho wa maombi hujikuta anatafuta nywila ya mfumo na nywila ya barua pepe kwa wakati mmoja. Vidakuzi navyo viache mpaka ujaribu bila kuvifuta, kwa kuwa kuvifuta hukutoa kwenye kila akaunti uliyoingia. Tegemea pia kwamba baada ya kufuta, tovuti zote unazozitembelea zitapakua picha zake upya kwa gharama yako, kwa hiyo kama una Wi-Fi karibu, ifanye kazi hii ukiwa kwenye Wi-Fi.

Hatua ya 8: Tazama saa na tarehe ya kifaa

Hatua hii huonekana kama mzaha mpaka ikupate. Tovuti inayoanza na https huonyesha cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kwisha, na kivinjari hukilinganisha cheti hicho na saa ya kifaa chako. Saa ikikosea kwa miaka, kila cheti huonekana ama kimekwisha muda ama hakijaanza kutumika.

Kompyuta moja ya dukani kwangu iliwahi kunisumbua siku nzima kwa sababu hiyo. Tovuti niliyokuwa nikiifungua ilikuwa ya kizamani, inayotumia http bila usalama, kwa hiyo maandishi yake yalikuja bila kuulizwa cheti. Picha zake, hata hivyo, zilikuwa kwenye seva nyingine inayotumia https, na zote zikagoma kimyakimya bila onyo lolote kwenye skrini. Nilibadilisha kivinjari, nikabadilisha mtandao, nikafuta akiba. Mwishowe mteja aliyekuwa akisubiri risiti ndiye aliyesema, "Kaka, mbona kompyuta yako inaonyesha tarehe ya miaka kumi iliyopita?" Umeme ulikuwa umekatika usiku, na betri ndogo ya kwenye ubao mama, ile ya mviringo iitwayo CR2032, ilikuwa imekufa, hivyo saa ilirudi nyuma kila kompyuta ilipokosa umeme. Nilirekebisha saa, picha zikafunguka papo hapo, na betri nikainunua jioni ileile. Nilipaswa kuiona sababu hiyo mapema zaidi, kwani hatua ya 2 ilikuwa imeshanionyesha kwamba simu yangu, kwa mtandao uleule, ilifungua picha zote.

Weka saa ijirekebishe yenyewe kwa mtandao, na uchague ukanda wa Afrika Mashariki, ambao uko mbele ya UTC kwa saa 3. Kwa simu za zamani lipo tatizo la jirani: simu za Android 7.0 kurudi nyuma hazikuja na cheti kikuu kipya cha Let's Encrypt, shirika linalotoa vyeti vya bure kwa tovuti nyingi sana, na njia ya mzunguko iliyokuwa ikizisaidia ilifikia ukomo wake mwishoni mwa Septemba 2024. Simu ya namna hiyo huzikataa tovuti nyingi hata kama saa yake ni sahihi.

Hatua ya 9: Chunguza DNS, VPN na umri wa kivinjari

DNS ni kitabu cha kugeuza majina ya tovuti kuwa namba za seva. Kitabu hicho kikiwa na kasoro, jina la tovuti kuu huweza kupatikana wakati jina la seva ya picha halipatikani, na ukiifungua picha peke yake utaona ujumbe wenye maneno ERR_NAME_NOT_RESOLVED. Kwenye Windows fungua dirisha la amri, andika ipconfig /flushdns, kisha ujaribu tena. Ikishindikana, badilisha DNS kwenye mipangilio ya mtandao uweke 8.8.8.8 ya Google au 1.1.1.1 ya Cloudflare. Kwenye simu za Android 9 na kuendelea kuna sehemu ya DNS ya faragha. Vijana wengi huweka humo anwani ya kuzuia matangazo waliyopewa na rafiki, na miezi sita baadaye hawakumbuki kwa nini picha za tovuti fulani hazifunguki. Irudishe kwenye hali ya kujiendesha yenyewe ujaribu.

VPN, yaani programu inayopitisha intaneti yako kwenye seva ya mbali, nayo izimwe kwa muda wa jaribio, kwa kuwa huzirefusha njia za picha na baadhi ya seva hukataa maombi yanayotoka kwenye anwani za VPN. Ikumbukwe pia kwamba mwaka 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilitoa tangazo la kuwataka wanaotumia VPN kuzitolea taarifa.

Kuhusu umri wa kivinjari niseme kwa ufupi. Picha za aina ya WebP zilianza kusomwa na Firefox mwaka 2019 na Safari mwaka 2020, na Internet Explorer haikuwahi kuzisoma mpaka ilipostaafishwa Juni 2022. Ukiona tovuti ambamo picha za zamani zinafunguka na mpya hazifunguki, mshuku kivinjari kilichozeeka. Kompyuta zenye Windows 7, ambazo bado zipo kwenye steshenari na ofisi nyingi, zinaishia Chrome toleo la 109. Toleo hilo linasoma WebP bila shida, kwa hiyo mwenye kompyuta hiyo ahakikishe angalau amefika hapo. Aina nyingine yenye usumbufu ni HEIC, ambayo iPhone huitumia tangu iOS 11 ya mwaka 2017 na ambayo Chrome haiionyeshi. Mwombaji akipandisha picha ya HEIC kwenye mfumo usioigeuza, yeye ataiona kwenye iPhone yake na mpokeaji ataona kialama kilichochanika. Igeuze kuwa JPG kabla ya kuipandisha.

Hatua ya 10: Soma sababu kwa F12

Wengi huogopa hatua hii kwa sababu inaonekana ya mafundi, ilhali kuisoma hakuhitaji kujua kuandika programu. Ukiwa kwenye ukurasa wenye tatizo, bonyeza F12, chagua kichupo kilichoandikwa Network, kisha chuja kwa kubonyeza Img ili zibaki picha tu. Pakia ukurasa upya na utazame safu ya hali. Namba 200 maana yake picha imefika salama. 304 maana yake ile iliyo kwenye akiba bado inafaa. Namba 404 maana yake seva imejibu kwamba faili halipo kwenye anwani hiyo. Namba 403 ni katazo: seva inalo faili lakini haikubali kukupa, pengine kwa sababu unahitaji kuingia kwenye akaunti, au kwa sababu picha imechukuliwa kutoka tovuti nyingine ambayo mwenyewe hataki picha zake zionyeshwe ugenini. Namba zinazoanza na 5, kama 500 na 503, ni ugonjwa wa seva au kuzidiwa kwake, na dawa yake ni kurudi baadaye.

Mstari wenye ERR_BLOCKED_BY_CLIENT unasema wazi kwamba aliyezuia ni kiendelezi cha kivinjari chako, hivyo rudi hatua ya 5. Ule wenye ERR_CERT_DATE_INVALID unakurudisha kwenye saa. Upo pia usumbufu unaotokana na kuchanganya http na https: ukurasa ulio salama ukiita picha kwa anwani ya http, vivinjari vya sasa hujaribu kuigeuza kuwa https, na seva ya picha isipokuwa na https, picha haionekani.

Ukithibitisha kwamba kosa ni la tovuti, mwandikie mwenye tovuti ujumbe wenye anwani kamili ya ukurasa, anwani ya picha yenyewe, namba uliyoiona, tarehe na saa, na picha ya skrini. Ujumbe wa "picha zenu hazionekani" humlazimu mhusika aanze kukuuliza maswali ambayo majibu yake unayo tayari.

Ikiwa tovuti ni yako mwenyewe

Kuna mkulima wa zabibu wa upande wa Hombolo aliyeniletea tovuti yake ndogo akilalamika kwamba picha za shamba zinaonekana kwenye kompyuta yake tu. Makosa yalikuwa mawili, na yote ni ya kawaida kwa anayejitengenezea tovuti. La kwanza, picha mbili zilikuwa zimeitwa kwa njia inayoanza na C:, yaani ukurasa ulimwelekeza kila mgeni atafute picha ndani ya diski ya kompyuta ya mkulima. La pili, faili liliitwa Zabibu.JPG na ukurasa uliliita zabibu.jpg. Windows haitofautishi herufi kubwa na ndogo kwenye majina ya mafaili, lakini seva nyingi hutumia Linux, ambayo huyahesabu hayo kuwa mafaili mawili tofauti na kujibu 404.

Yape mafaili yote majina ya herufi ndogo, yasiyo na nafasi wala alama ngeni. Picha zilizopakuliwa kutoka WhatsApp ya kompyuta huja na majina marefu yenye nafasi, tarehe na saa, nayo huzichanganya baadhi ya programu za kutengenezea tovuti. Hakikisha ruhusa ya faili kwenye seva ni 644 ili kila mgeni aweze kulisoma. Usibandike kiungo cha kushiriki cha Google Drive ukidhani ni anwani ya picha, kwa kuwa kiungo hicho hufungua ukurasa wa kutazamia picha, na kivinjari hakiwezi kuuweka ukurasa mahali pa picha. Punguza pia uzito: picha ya MB 4 iliyopunguzwa upana hadi pikseli 1200 na kuhifadhiwa kwa ubora wa kati hushuka hadi KB mia chache, na mnunuzi mwenye bando dogo ataiona bila kungoja.

Baada ya kurekebisha, usiihakiki kwa kompyuta uliyoitengenezea tovuti, kwa sababu hiyo ina nakala za zamani kwenye akiba na ina picha zenyewe kwenye diski. Mkulima yule nilimwambia ampigie mwanawe aliyeko Kondoa, afungue ukurasa kwa simu yake na kutaja picha anazoziona. Alitaja tano kati ya sita. Ya sita tulikuta imeandikwa .jpeg kwenye ukurasa na .jpg kwenye seva.